Maji, Wazee na Ubongo: Somo kutoka Kando ya Mto Ngong

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu, mwanachama wa Chama cha Kiswahili

Mwaka huu ningependa tujifunze jambo ambalo halitatahiniwa, lakini linahusu kila nyumba yenye mzee. Swali lenyewe ni hili: je, mtu akiishi karibu na maji, ubongo wake hukaa vizuri zaidi anapozeeka?

Wataalamu wa Uingereza na Marekani wamelichunguza sana swali hili. Mimi nimeona nilishushe hadi Mashimoni, Kibera, ninakoishi, kwa sababu sisi pia tunaishi karibu na maji. Tena karibu mno! Mvua ikinyesha usiku, maji hayabishi hodi, yanaingia tu na kukukuta kitandani. Kwani sisi tutakuwa na wazee wenye akili kali kuliko wa Karen? Hebu tufuatane hatua kwa hatua.

1. Ubongo unapozeeka

Ubongo una uzito wa takriban asilimia 2 tu ya mwili wa mtu mzima, lakini mwili ukiwa umetulia, ubongo hutumia kama asilimia 20 ya oksijeni yote. Ni mlaji mkubwa. Oksijeni hiyo hufika kwa damu. Kwa hivyo mishipa ya damu ikiharibika, ubongo haukawii kulia njaa.

Kuna hali inayoitwa dimenshia. Hili ni jina la jumla la hali ambapo magonjwa huharibu seli za ubongo, mpaka mtu anashindwa kukumbuka, kufikiri, kupata maneno au kufanya kazi zake za kila siku. Si wazimu, na wala si uzee wa kawaida. Mzee akisahau alipoweka ufunguo, huo ni usahaulifu ambao hata sisi wanafunzi tunao. Akiushika ufunguo mkononi asijue ni wa kazi gani, hapo kuna jambo.

Ugonjwa unaosababisha dimenshia kwa wengi ni Alzheimer, uliopewa jina la daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, aliyeueleza mwaka wa 1906. Dawa ya kuuponya kabisa haijapatikana. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba mwaka wa 2021 watu milioni 57 walikuwa na dimenshia duniani, na zaidi ya asilimia 60 yao waliishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani nchi kama zetu. Mtu akikuambia ati huu ni ugonjwa wa Wazungu, mpeleke wilaya ya Hai, chini ya Mlima Kilimanjaro, nchini Tanzania. Huko watafiti waliwachunguza wazee 1,198 wa miaka 70 na zaidi kati ya 2009 na 2010. Baada ya kulinganisha umri, waligundua kwamba takriban watu 6 katika kila 100 walikuwa na dimenshia. Wengi walikuwa hawajawahi kuambiwa na daktari yeyote.

Kutojua huku kuna hatari yake. Mnamo Oktoba 2021, huko Marani katika Kaunti ya Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa na umati uliowashuku kuwa wachawi. Mahali penye shuku kama hizo, bibi kizee anayeongea peke yake au anayepotea njia usiku hawezi kuwa salama. Ndiyo maana nasema somo hili si mchezo.

Hata hivyo, kuna habari njema. Mwaka wa 2024 jopo la wataalamu lililoundwa na jarida la udaktari la Lancet lilitaja mambo 14 yanayoongeza hatari ya dimenshia na ambayo yanaweza kubadilishwa. Yakishughulikiwa yote, karibu asilimia 45 ya dimenshia ingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Miongoni mwa mambo hayo ni elimu kidogo utotoni, shinikizo la damu, kisukari, sigara, pombe kupita kiasi, kutofanya mazoezi, upweke, huzuni isiyotibiwa, hewa chafu, masikio yasiyosikia vizuri na macho yasiyoona vizuri. Shika orodha hiyo, msomaji, maana tutairudia.

2. Maji yanaingilia wapi?

Katika mambo yale 14, maji hayamo. Sasa mbona watu wanasema maji husaidia? Nimesoma na kuona kwamba njia ni tatu.

Njia ya kwanza ni miguu. Palipo na ufuo safi, watu hutembea. Kutembea husukuma damu, huteremsha presha na husaidia kisukari. Njia ya pili ni watu. Pwani yetu, kama kule Lamu, wazee huketi karibu na bahari jioni wakipiga gumzo na kucheza bao. Upweke hauna nafasi hapo. Njia ya tatu ni mapumziko ya akili. Mwaka wa 1989 wanasaikolojia wa Marekani, Rachel Kaplan na Stephen Kaplan, walieleza kwamba umakini wa mtu huchoka kama msuli, hasa mahali penye kelele na mambo mengi. Vitu vya asili vinavyosogea polepole, kama maji na majani, hushika macho bila kuuchosha ubongo, na umakini hupata nafuu. Ukitaka kuelewa, simama Olympic matatu zikipiga honi, kisha utafute mahali tulivu penye miti. Utaona tofauti kichwani mwako.

Utafiti nao unasemaje? Mwaka wa 2019 watafiti walichapisha matokeo ya karibu watu 20,000 wa Uingereza. Waliotumia angalau dakika 120 kwa wiki katika mazingira ya asili, kama vile bustani, misitu na fuo, walielekea zaidi kusema kwamba wana afya njema na wameridhika na maisha. Hiyo ni kama dakika 17 kwa siku.

Lakini tusikimbilie kupiga makofi. Mwaka wa 2022 kulitolewa utafiti mkubwa wa Marekani kuhusu wazee wapatao milioni 62. Wale walioishi penye mimea mingi walilazwa hospitalini kwa Alzheimer na magonjwa ya aina hiyo kwa kiwango kidogo zaidi. Maji, kwa upande wa Alzheimer, hayakuonyesha tofauti. Kwa ugonjwa wa Parkinson, unaofanya mwili utetemeke na kukakamaa, walioishi penye maji mengi walilazwa kidogo zaidi. Tena mwaka wa 2025, watafiti wa Chuo Kikuu cha Ohio State walionyesha kwamba Wamarekani wanaoishi karibu na bahari huishi mwaka mmoja au zaidi kuliko wastani, lakini wale wa mijini karibu na mito na maziwa makubwa ya bara hawakupata faida hiyo. Walikuwa chini kidogo ya wastani. Miongoni mwa sababu walizotaja ni uchafuzi, umaskini, mafuriko na ukosefu wa mahali salama pa kufanyia mazoezi.

Wahenga walisema jogoo likiwika lisiwike kutakucha. Jogoo na alfajiri huja pamoja, lakini si jogoo anayelileta jua. Vivyo hivyo, nyumba ya ufuoni na akili timamu zinaweza kuonekana pamoja kwa sababu mwenye nyumba ile ana pesa za daktari, ana chakula kizuri na hakunywa moshi wa makaa miaka 50. Maji peke yake si dawa. Yanasaidia pale tu yanapomwezesha mzee kutembea, kukutana na wenzake na kutuliza akili. Hilo ndilo fundisho kuu la makala haya.

3. Maji ya kwetu

Jina Nairobi limetoka kwa Wamaasai, na maana yake ni maji baridi. Kibra kwa Kinubi ni msitu. Ukiyaweka majina hayo mawili pamoja unapata mahali pazuri pa kuzeekea, si ndiyo? Mto Ngong, ambao kwa juu huitwa Motoine, unapita chini ya Kibera na kuingia Nairobi Dam. Bwawa hilo lilijengwa mwaka wa 1953 kama akiba ya maji ya jiji. Baadaye watu walilitumia kwa michezo ya mashua na uvuvi. Mzee mmoja Mnubi wa Makina aliniambia kwamba alipokuwa rika langu, walikuwa wakienda Jumapili kutazama tanga nyeupe zikielea. Nilidhani ananitania.

Kwa miaka mingi sasa bwawa hilo limefunikwa na magugu maji, matope na takataka. Ukilitazama kwa mbali utadhani ni shamba. Kisha mto unaendelea kupitia viwandani, unaungana na Mto Nairobi, unaingia Athi, na hatimaye maji hayo yanafika Bahari ya Hindi karibu na Malindi. Yaani takataka inayotupwa Mashimoni leo inaweza kwenda pwani bila nauli.

Hebu sasa tuzipime zile njia tatu hapa kwetu. Miguu: vijia vya kando ya maji vina utelezi na mitaro iliyo wazi. Mzee akianguka na kugonga kichwa, hilo nalo limo katika mambo 14, maana jeraha la kichwa huongeza hatari ya dimenshia. Watu: hakuna anayeketi kupiga gumzo mahali panaponuka na ambapo mifuko ya haja hurushwa. Mapumziko ya akili: wakati wa masika, sauti ya maji haimtulizi mtu. Inamkesha. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yaliua watu Nairobi, hasa katika mitaa kama Mathare na Mukuru, na serikali ikaamuru wanaoishi chini ya mita 30 kutoka mtoni wahame. Nyumba nyingi zilibomolewa. Kijana huhama na godoro lake akaanza upya. Mzee akihamishwa hupoteza jirani wa miaka 20, duka analokopeshwa na msikiti au kanisa analofika kwa kupapasa. Kwake hayo ndiyo ramani ya akili.

Zaidi ya hayo, maji machafu yana madhara yake kwa ubongo. Madini ya risasi kutoka kwa taka za viwanda na betri ni sumu ya ubongo. Mayai ya tegu wa nguruwe, yakiingia mdomoni kutokana na kinyesi cha binadamu, yanaweza kuzaa vifuko vya minyoo ndani ya ubongo na kuleta kifafa. Tena kuna hili ambalo watu hawalijui: mzee akiharisha au asipokunywa maji ya kutosha, anaweza kuchanganyikiwa ghafla, akataja majina ya waliokufa au akashindwa kujua yuko wapi. Hiyo si dimenshia. Inakuja kwa saa au siku, na akitibiwa mapema hurudi sawa. Dimenshia huja polepole kwa miezi na miaka. Ukiona mabadiliko ya ghafla, mkimbize hospitali siku hiyo hiyo.

Na mbona mzee asinywe maji? Kwa sababu huku maji yananunuliwa kwa mtungi. Siku nzuri mtungi wa lita 20 ni kama shilingi 5. Mifereji ikikauka bei inafika 20 na zaidi. Wazee wengi huona haya kunywa maji ya pesa za watoto, na tena wanaogopa kwenda chooni usiku, maana choo kiko mbali na kina malipo. Kwa hivyo wanajinyima. Hayo ndiyo maisha ya karibu na maji bila maji.

4. Kikao cha nyumbani kwetu

Sasa niwaambie kwa nini nililichimba jambo hili. Nyanya yangu ana miaka 71. Alikuja kukaa nasi baada ya babu kufariki. Kwao ni karibu na Mbita, kando ya Ziwa Victoria. Siku hizi ameanza kuuliza jambo moja mara tatu, na mara mbili ameacha sufuria jikoni mpaka ikaungua. Yeye anataka kurudi ziwani. Baba alisema arudi, ati upepo wa ziwa utamrudishia akili. Mama alikataa. Alisema huku kuna Hospitali ya Mbagathi karibu, na kule nani atamkumbusha dawa za presha? Nikaambiwa mimi ninayesoma nitafute ukweli.

Nilichora safu mbili katika daftari, Mbita na Mashimoni. Kwa kutembea, Mbita ilishinda. Kwa hewa isiyo na moshi mwingi, Mbita. Kwa hospitali, Mashimoni. Kwa maji safi hakuna aliyeshinda, kwa sababu ziwani kuna kichocho na magugu maji pia, na mwaka wa 2020 ziwa lilifura likafukuza watu majumbani. Nikasoma matokeo yangu mbele ya wote kama karani wa mahakama.

Nyanya alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mjukuu wangu, umeandika vizuri. Lakini hakuna aliyeandika ni wapi watu wanajua jina langu. Huku mimi ni shosho wa ploti. Kule wananiita kwa jina tangu nikiwa msichana."

Hakuna aliyemjibu. Niliongeza mstari mmoja katika daftari: watu. Nilipourudia ule utafiti baadaye, nikaona kwamba nyanya alikuwa ametaja upweke, na upweke umo katika yale mambo 14. Kikao kitarudiwa Desemba. Nikiulizwa tena nitasema aende, lakini kwanza apatikane mtu wa kumpeleka kliniki kila mwezi na wa kumhesabia dawa. Asipopatikana, basi sisi wa Mashimoni tumletee huku yale ambayo ziwa lingempa. Mengine tayari tumeanza.

5. Tufanye nini?

Kwanza, mzee apimwe presha na sukari. Mwaka wa 2023 serikali iliwapa wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 mikoba yenye vifaa, vikiwemo vya kupima presha na sukari. Wanapita mlango kwa mlango. Ukimwona anapita, mwite.

Pili, mtembeze. Nyanya na mimi hutoka saa kumi na mbili asubuhi kabla sijaenda shule, dakika 20 kupanda upande wa reli na kurudi. Mimi ni wa kutwa, kwa hivyo nafasi ninayo. Wewe uliye na mzee nyumbani unayo pia.

Tatu, mpe maji bila kungoja aombe. Weka kikombe karibu naye na umwambie yamelipiwa.

Nne, mpeleke akapimwe macho na masikio. Mtu asiyesikia hujitenga, na aliyejitenga hufifia. Tena mwite kwa jina lake.

Tano, tusikate tamaa na mto. Kando ya Mto Nairobi, karibu na mzunguko wa Globe, palikuwa jaa la takataka. Waziri wa mazingira wa wakati huo, John Michuki, aliongoza usafishaji kuanzia 2008, na leo pana bustani iliyopewa jina lake ambapo watu huketi kwenye nyasi. Hapa Kibera kwenyewe, tangu 2006 shirika la Kounkuey Design Initiative limeshirikiana na wakazi kugeuza sehemu za kando ya mto kuwa viwanja vya watu wote, vyenye mahali pa kuketi, kufulia na kuchezea. Machi 2025 serikali ilizindua mpango wa kufufua mito ya Nairobi. Ombi langu ni kwamba wanaopanga wakumbuke viti vya wazee na njia isiyo na utelezi. Mto ukisafishwa kisha wakazi wafukuzwe, watakaozeeka karibu na maji safi watakuwa wengine.

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi wa miaka 16 ndio wazee wa 2075 na kuendelea. Elimu tunayopata sasa imo katika ile orodha ya mambo yanayoukinga ubongo, na mto tutakaouachia uchafu leo ndio tutakaoketi karibu nao. Nakomea hapo.

Maswali ya kujadili chamani

(a) Taja njia tatu ambazo kwazo maji yanaweza kusaidia ubongo wa mzee.
(b) Eleza tofauti kati ya kuchanganyikiwa kwa ghafla na dimenshia.
(c) "Maji peke yake si dawa." Jadili ukirejelea methali ya jogoo.
(d) Chora safu mbili kama za mwandishi kuhusu mzee unayemjua. Kabla ya kuandika chochote, muulize yeye mwenyewe.